Mpira Uliomgonga Baba Mkwe

Upande wa kusini wa mto Songwe, kwa Waingereza, Andongwisye aliitwa Radi. Kwao Ngonga, ng'ambo ya kaskazini, alikuwa kijana wa kawaida tu mwenye miguu mirefu, aliyevuka mto ili kukwepa kazi ya barabara ya Wajerumani. Alipata kazi ya kubeba magunia kwenye duka moja la Karonga. Wazungu wa duka hilo walicheza kriketi kila Jumamosi. Siku moja mmoja wao alimwona akimrushia mwenzake kifurushi cha chumvi juu ya paa, akamwita na kumpa mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, mgumu kama jiwe. Walimfundisha kukimbia, kunyoosha mkono bila kukunja kiwiko, na kuuachia mpira udunde mbele ya mchezaji mwenye gongo. Nyuma ya mchezaji huyo husimama vijiti vitatu. Mpira ukiviangusha, ametoka. Kazi ni hiyo tu. Lakini Andongwisye aliifanya kwa kasi mpaka wachezaji wakaanza kujifunga magome ya migomba miguuni, na wengine waliugua ghafla zamu yao ilipokaribia. Watu wa Mwaya, upande wa kwao, walivuka kwa mitumbwi kumtazama. Naye alipenda kutazamwa.

Wakati huo alikuwa amemchumbia Atuganile, binti wa Zebedayo, mwalimu wa kanisa huko Mwaya. Zebedayo alisifika kwa kusoma Neno. Sauti yake iliwafikia hata waliokaa nje kwenye nyasi. Ng'ombe wa mahari walikwisha kupelekwa, ikabaki harusi. Na kijana wa Kinyakyusa hasimami wima mbele ya baba mkwe wake. Wakikutana njiani yeye hutoka pembeni, huchuchumaa, hupiga makofi taratibu, na hungoja mpaka mkubwa apite.

Pasaka moja Zebedayo alikuwa mgeni kwenye misheni ya upande wa Waingereza, alikosoma ujanani. Timu ya misheni, iliyocheza na watu wa duka siku hiyo, ikapungukiwa mtu, wakamkabidhi gongo. Andongwisye alikuwa ameshaanza kukimbia na mpira alipomtambua. Akasimama ghafla, akachuchumaa katikati ya uwanja, akapiga makofi.

Watu wakaangua kicheko.

"Tazameni, Radi anataga!"

Zebedayo akamsogelea. "Inuka, mkwe. Leo mimi ni mshika gongo tu. Wewe lenga vijiti."

"Ndaga, tata," akashukuru, macho yakiwa chini.

Akarusha polepole. Zebedayo akaupiga mpira, ukaenda kupotelea kwenye migomba.

"Anamrushia mkwe ndizi mbivu!"

"Anaogopa kunyimwa mke huyo!"

"Radi, nenda kapike!"

Ilikuwa mizaha tu. Angerusha polepole tena, pasingeharibika kitu, na kicheko kingeisha chenyewe. Lakini masikio yalikuwa yakimwaka moto. Akarudi nyuma kuliko kawaida yake, akakimbia, akarusha kwa nguvu zake zote. Mpira ukadunda, ukapanda, ukamgonga Zebedayo mdomoni, kisha ukaangukia vijiti na kuviangusha.

Wazungu wa duka wakapiga makofi, kwa kuwa mtu alikuwa ametoka. Watu wa Mwaya hawakupiga. Zebedayo alikuwa amepiga magoti akitemea meno kiganjani. Andongwisye hakujua achuchumae au akimbilie kumshika. Akabaki amesimama wima mbele ya baba mkwe wake, mikono imening'inia.

Baadaye alipeleka ng'ombe wa kuomba radhi. Hakuthubutu kuingia, alikaa chini nje ya ua wa mianzi. Zebedayo akasema jambo, lakini maneno yalitoka na upepo, kama mtu anayepuliza filimbi iliyopasuka.

"Sijasikia, tata."

Akarudia. Andongwisye bado hakuelewa, akafungua mdomo kuuliza tena. Ndipo Atuganile akasema kutoka ndani ya nyumba:

"Anasema amepokea. Anasema harusi iko palepale. Usimsemeshe tena, anaona haya."

Harusi ikafungwa, na Andongwisye akabaki Mwaya. Jumapili iliyofuata Zebedayo alisimama kusoma Neno. Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya. Akafunga kitabu kabla sura haijaisha. Kuanzia hapo alisoma Ambrose, kijana wa sauti ya kukwaruza, na waliokaa nje hawakusikia kitu. Andongwisye alikaa karibu na mlango, ameinamisha uso. Kila Ambrose alipokwama kwenye neno, yeye alihisi kanisa zima limegeuka kumtazama.

Baada ya mavuno, duka likatuma mtumbwi. Mjumbe akasimama uani kwa Andongwisye akiwa na furaha.

"Radi! Jumamosi wanakutaka. Wanasema bila wewe wanachekwa."

"Waambie mkono unauma."

Mjumbe alipoondoka, Atuganile akatoka jikoni.

"Mkono unauma kweli?"

"Hapana."

Akamtazama kidogo, kisha akamkabidhi jembe. "Basi twende. Baba yuko shambani peke yake."