Mkwaruzo wa Mlango wa Kushoto

Mtaani walimwita Mama Hakikisha, naye hakuchukia. Miaka yote aliyokaa kaunta katika duka la vifaa vya ujenzi, noti haikupita mkononi mwake bila kuinuliwa kwenye mwanga, hata ikitoka kwa mchungaji. Basi mdogo wa marehemu mumewe alipokuja kulitazama gari kuukuu lililolala bandani, akamwambia, "Shemeji, ukitaka kuliuza, usilioshe," mama wa watu alinusa njama.

"Nisilioshe kwa nini?"

"Wanunuzi wa mtandaoni ndivyo wanavyotaka. Vumbi lake, rangi yake ya kiwandani, viti vyake vilivyochanika. Ukilipaka rangi mpya umeliua."

Tangu lini uchafu ukapandisha bei? Alijua huyu anataka lionekane takataka, kisha alibebe kwa bei ya kutupa. Tangu msiba, shemeji alikuwa analizungukazunguka gari lile, mara anapapasa boneti, mara anachungulia dirishani.

Lakini binti yake, aliyekuja kupiga picha, alimwonyesha kwenye simu magari mawili ya aina moja yaliyokwisha kuuzwa. Moja liling'arishwa hadi unajiona uso. Jingine lilijaa utando wa buibui, na ndilo lililochukuliwa kwa bei kubwa.

"Mama, rangi mpya inaweza kuficha kutu. Hili la vumbi, mtu anajua anachonunua."

Neno "kuficha" lilimwingia. Ndoo ya maji ikarudi stoo, ingawa shingo upande.

Mnada wa mtandaoni ukafunguliwa. Bei ilipanda kidogo, ikakwama. Ndipo mtu aliyejiita Tai akauliza mbele ya wote: "Mbona hamjaonyesha mkwaruzo wa mlango wa kushoto?"

Mama Hakikisha aliketi kitako. Picha zote zilikuwa za kulia na za mbele, maana upande wa kushoto gari lilibanana na ukuta. Nje ya nyumba ile, aliyeujua mkwaruzo huo ni yule tu aliyeusababisha. Akampigia.

"Shemeji, Tai ni wewe?"

"Tai gani tena?" Sauti ilipanda juu mno, kama ya mteja aliyeulizwa noti yake ameitoa wapi.

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Binti alitaka swali lifutwe, watu wasije wakakimbia. Mama akakataa katakata. Anayetaka kumwaibisha kwa kificho, yeye atamjibu hadharani. Waliita majirani, wakalisukuma gari nje, wakaupiga picha mkwaruzo, naye akamtajia binti maneno ya kuandika: "Upo, kutoka kitasani hadi taa ya nyuma. Shemeji yangu aligonga lango alipokuwa anajifunza kuendesha. Mume wangu hakuuziba, kwa sababu kila akiuona alicheka. Na oili inavuja kidogo. Mengine ulizeni."

Wakauliza kweli: chini ya mazulia kukoje, injini inalia vipi. Akajibu yote, mabaya kwa mazuri. Bei ikaamka kama imemwagiwa maji. Watu wawili asiowajua wakashindana hadi mwisho, na Tai akaachwa nyuma kabisa.

Siku lori lilipokuja kulichukua, shemeji alitokea bila kuitwa.

"Ulitaka kunishushia bei," mama alisema.

Shemeji alitazama viatu vyake. "Nilitaka liwe langu, shemeji. Wale wanunuzi wa mtandaoni siwawezi kwa bei."

"Si ungeniambia?"

"Ungeniamini?"

Mama alifikiri. "Nisingekuamini."

Shemeji akacheka, na mama naye kicheko kikamponyoka. Kisha shemeji akaomba alisogeze mwenyewe hadi kwenye lori, mara moja tu. Mama akampa ufunguo. Gari likakohoa, likawaka, likaanza kwenda taratibu, na Mama Hakikisha akatembea ubavuni mwake, mkono wake umeushika mlango, mpaka shemeji alipozima injini.