Norma anavyoufyeka mtaa uliobomolewa

Saa kumi na moja alfajiri, jua la Julai la kaskazini ya mbali limeshatoka kijijini Ravenlaw, karibu na mji wa Durham, na Norma Raine anasukuma mashine ya kukatia nyasi kwenye uwanja mtupu. Hakati ovyo. Anakwenda hatua sita, anageuka kulia, anakata upenyo mfupi wa mlango, anarudi.

"Hapa kwa kina Hepple, namba tisa," anasema. "Nikiwakosea mlango watanisema mpaka Krismasi."

Nyumba thelathini na nne za wachimba makaa zilikuwa hapa. Mgodi ulipofungwa, wakubwa wa mipango waliandika herufi D kando ya jina la kijiji, yaani kisijengwe tena, kife. Tingatinga lilipofika, Norma alikuwa na miaka saba.

Leo ana sitini na mbili, ni mkata nyasi wa halmashauri, na kwa miaka kumi na tisa ameuchora mtaa huu kwa mashine. Lakini bosi mpya ameagiza uwanja uachwe uote maua ya nyuki. Nyasi zimefika kiunoni. Kamati ya bendi ya kijiji nayo imesema Jumamosi bendera ya wachimba makaa itapita barabara kuu, si hapa.

Norma hataki hata kusikia. Kabla ya kupelekwa Durham kwenye sherehe ya kila mwaka ya wachimba makaa, bendera hutembezwa kijijini, na bendi husimama kupiga mlangoni kwa kila aliyefia mgodini. Mwaka 1966 ilisimama namba kumi na nne, kwa baba yake. Mama yake, Ettie, sasa ana miaka tisini na tatu, na ameomba asimame tena mlangoni pake, bendi ikipiga, mara moja tu.

"Mwakani sijui kama nitakuwepo, mwanangu," alimwambia. "Na hicho kiti cha magurudumu kiache nyumbani."

Ndiyo maana Norma anakata kwa mashine yake mwenyewe, kabla ya saa za kazi. "Nyuki nimewaachia robo tatu ya uwanja. Watashiba."

Mzee Cuthbert Hepple, mpiga ngoma na mwanakamati, anapita na mbwa wake.

"Unamkatia ng'ombe gani majani?"

"Wewe. Jumamosi utapita hapa na ngoma yako."

"Kamati imeshaamua, bibie."

"Basi ikaamue tena."

Mzee anautazama mlango wa kwao. Kisha anapima njia kwa miguu. "Bendera haitoshi kupita. Ongeza hatua moja kila upande, nami nitaongea nao."

Zimebaki nyumba tano na siku mbili.

"Wasipokuja, tutasimama mimi na mama," anasema Norma. "Jiwe la mlangoni bado lipo, nimelikuta jana chini ya nyasi. Ijumaa nitalisugua. Yeye alilisugua kila asubuhi, hawezi kuipokea bendi kwenye jiwe chafu."