Maandishi ya Kitako cha Risasi

Kila nikipita kwa wauza ugoro pale sokoni Nyamisangura, harufu yake kali hunirudisha kwa babu. Aliuweka wake ndani ya ganda la risasi ya tatu-sifuri-tatu, akaliziba kwa kipande cha kigunzi cha hindi. Mtanicheka, lakini nililipenda ganda lile kuliko mwanasesere yeyote.

Babu aliisimulia risasi hiyo kama ndugu. Baba yake, mpagazi, alibeba masanduku ya risasi hizo Waingereza walipokuwa wakimfukuza Mjerumani. Yeye mwenyewe aliipiga vitani Burma. Aliporudi, akakuta askari wa wanyamapori nao wanaitumia. "Mimi nimestaafu," alisema, "yenyewe bado iko kazini."

Kutoka vitani alirudi na risasi nzima sita, za sanduku moja na lile ganda la ugoro, akazificha ghalani. Miaka mingi baadaye, rafiki yake wa kijiji cha Robanda, mwenye bunduki kuukuu, alipolalamika kwamba tembo wanamaliza mtama wake, babu alimpa tatu.

Mwaka huohuo ng'ombe wetu waliibwa. Yowe lilipigwa alfajiri, na baba mdogo Marwa, kitinda mimba wa babu, akafuata nyayo pamoja na wenzake. Walimrudisha juu ya machela ya matawi, amekufa. Mmoja wao alimkabidhi babu ganda waliloliokota mahali wezi walipofyatulia.

Babu hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la pili. Aliniita nyuma ya ghala, akaweka maganda mawili kiganjani: la ugoro na hilo jipya.

"Bhoke, soma hapa kwenye vitako."

Nikasoma herufi na namba za kiwanda zilizogongwa pale, kwa sauti ya darasani. "Yanafanana, babu. Yote."

"Soma tena."

Nikasoma.

"Huyo mwalimu wenu anawafundisha nini? Umekosea, wewe! Tena!"

Nikasoma mara ya tatu, machozi yakidondokea shaba. Wanaume walipomuuliza risasi ile imetoka wapi, alijibu, "Sijui. Risasi ni risasi."

Kwa miaka mingi niliona aibu kusoma mbele za watu. Nilipoelewa moja ya zile tatu ilikoishia, babu alikuwa ameshazikwa kando ya mwanawe. Siku ile alihitaji mjukuu asiyejua kusoma. Nami, kila aliponiambia tena, nilijitahidi nisome vizuri zaidi.