Kikombe Kimoja

Kanisa letu la Kianglikana liko katikati ya mji wa Durban, jengo la mawe la enzi za Waingereza, na taxi za barabarani hupiga honi hadi ndani ya mahubiri. Watalii huja kupiga picha vioo vya rangi. Mimi nilikuja kwa sababu kwetu Bunia nilibatizwa Mwanglikana, na kwa sababu Wakongo wenzangu wengi husali kwenye maghala ya Clairwood, kwa spika zinazonipasua kichwa.

Pale kanisani divai ya ushirika tunainywa katika kikombe kimoja cha fedha. Tunapiga magoti mstari mmoja mbele ya madhabahu, mhudumu anapita kutoka kushoto kwenda kulia, anafuta ukingo kwa kitambaa, anampa anayefuata. Kulikuwa na bibi mmoja wa kofia ya bluu, aliyebatizwa humo na kuolewa humo. Akikuta mmoja wetu wageni kapiga magoti kushoto kwake, anainuka na kujikongoja mpaka mwanzo wa mstari, ili anywe kabla yetu. Kila Jumapili, na magoti yake mabovu hivyo!

"Unamuona yule?" mwenzangu wa saluni aliniambia siku moja. "Anatuogopa kama vile tuko na kipindupindu."

"Acha tu, dada. Iko siku atakunywa nyuma yetu."

Sikuwa natania. Yule bibi alinitia kichefuchefu. Nilikuwa nikirudi nyumbani chakula hakishuki. Midomo yangu ina nini? Kutwa nzima nasuka watu, wananiachia vichwa vya watoto wao, halafu mtu ananikwepa mbele ya meza ya Bwana kama nimeoza.

Kwa hiyo kasisi aliponiomba niwe mhudumu wa kikombe, mgeni wa kwanza kupewa kazi ile, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Kanzu nyeupe niliipiga pasi mara mbili. Nilitaka bibi anywe mkononi mwangu, baada ya Wakongo, nimwone uso.

Jumapili yangu ya tatu aliingia mwanamume anayelala kwenye mlango wa duka la simu, ng'ambo ya robot, zile taa za kuongozea magari. Harufu ilimtangulia: mkojo, gundi, jasho la siku nyingi. Mdomo wake wa chini ulikuwa na vidonda vibichi, kimoja kinatoa maji. Alipiga magoti mstarini, viganja wazi, kama mtu aliyefundishwa vizuri zamani. Kushoto kwake walikuwa Wakongo watano. Bibi alichelewa kuinuka kitini, na mstari ulikuwa umejaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kulia kwa yule mwanamume.

Sasa, kuna sheria. Divai inayobaki, mhudumu huimaliza mwenyewe hadi tone la mwisho. Wakongo wangu watano walikunywa. Nikafika kwa yule mwanamume, nikavitazama vile vidonda, nikakumbuka ni mimi nitakayekimaliza kikombe.

"Damu ya Kristo," nikasema. Nikainamisha kikombe mbele yake, mbali kidogo, kisimguse. Akanyoosha shingo. Mdomo wake ukabaki wazi, mkavu, nami nikakivuta kikombe.

"Amina," akasema.

Sikufuta ukingo, maana hapakuwa na cha kufuta. Bibi alikuwa ameona yote. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusali pale, alinitazama machoni. Akatabasamu. Akakishika kikombe pamoja na mkono wangu, akanywa bila kusita, funda zima.

"Asante, mwanangu," akaninong'oneza kwa Kiingereza, akiupapasa mkono wangu kama wa mtu wa kwao.

Nilirudi madhabahuni nikaimaliza divai iliyobaki. Ilikuwa safi kabisa. Nusura niitapike.