Mama Alipojifunza Taipu Karurumo

Mwezi uliopita nilipita Karurumo nikitoka mazishini, nikaona niteremke nitazame kile chumba nyuma ya bucha. Bado kipo. Siku hizi ni cha kinyozi, na muziki wake unatoboa masikio. Nilisimama mlangoni nikicheka peke yangu mpaka kijana akazima mashine yake akaniuliza, "Mathe, ni kunyolewa ama?" Nikamjibu nimekuja kuona shule aliyosomea mama yangu. Alinitazama kwa huruma, akarudi kwa kichwa alichokuwa anakinyoa.

Sikumlaumu. Hata wewe rafiki yangu huenda usiniamini, lakini hapo ndipo mwalimu wa taipu alipofundisha, na mama yangu alikuwa mwanafunzi wake bora. Nasema hivyo bila haya. Asiyependa na asiseme.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa huko kwetu. Alikuwa karani Nairobi miaka mingi, kisha akarudi nyumbani na mashine moja ya taipu, gramafoni, na viatu vya kisigino ambavyo havikuogopa tope. Alifundisha taipu, Kiingereza cha ofisini na namna ya kujibu simu, ingawa simu yenyewe ilikuwa gunzi la mahindi. Jumamosi alifundisha dansi. Ndiyo, dansi! Aliamini kwamba vidole hujifunza kutoka kwa miguu. "Mguu ukipotea, kidole kimepotea," alikuwa akisema, na wanawake wazima wenye watoto nyumbani walishikana mabega wakazunguka sakafuni, huku mwenye bucha akichungulia dirishani, kisu mkononi, wateja amewasahau. Nami nilikaa kwenye gunia la viazi, mdogo wangu mgongoni, nikinusa wino, mafuta ya taa na supu ya mifupa kutoka upande wa pili.

Kwa kuwa mashine ilikuwa moja, wengine walipiga vidole juu ya mbao zilizochorwa herufi kwa makaa. Zamu yako ikifika, mwalimu alikufunga leso shingoni, akaitandaza juu ya mashine na mikono yako, usiweze kuchungulia. Ungedhani ni mtoto anayesubiri kunyolewa. Kisha santuri inaanza, mguu unagonga chini, na vidole vinatafuta njia vyenyewe gizani.

Mama alifanya mazoezi popote. Akichambua maharagwe, vidole vilikuwa vinacheza kando ya ungo. Akinisuka nywele alikuwa akinipigia barua nzima kichwani, na nilipolalamika alisema, "Tulia, bado sijaweka tarehe." Shosho, mama yake baba, alitikisa kichwa. Sokoni walimcheka waziwazi. "Mama, hiyo mikono ni ya jembe bwana, ofisi utaenda kufanya nini?" Mama alicheka pamoja nao. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kicheko hicho hakikutoka moyoni.

Baba hakumkataza. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na alilosema lilikuwa limekwisha. Alimpa mwaka mmoja. "Kahawa ikiisha kuchumwa na hujapata kazi, unarudi shamba na hayo maneno yanaisha." Mama akakubali. Miezi ikaenda, kahawa ikaiva, na hakuna ofisi iliyomwita. Kisha, mavuno yakiwa karibu kwisha, chama cha ushirika kikatangaza kuwa kinatafuta mpiga taipu. Nafasi ilikuwa moja.

Siku ya mtihani mama aliamka akajisugua mikono kwa majivu, halafu kwa limau, halafu kwa jiwe la kusugulia miguu. Wapi! Utomvu wa kahawa haukutoka. Alivaa gauni la kanisani, nami nikambeba mdogo wangu mgongoni kwa leso, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya.

Ofisini walikuwa mwenyekiti, katibu na wazee wa kamati. Waliokuja kujaribiwa walikuwa wawili tu: mama, na kijana mmoja aliyesomea mjini na kurudi na cheti. Katibu alisoma barua ya kuomba mbolea, kijana akaipiga vizuri, akakosea mahali pawili. Mwenyekiti akasema, "Sasa wewe mama. Karatasi ni mbili peke yake."

Mama alikaa. Katibu alipoanza kusoma, alipiga mstari mmoja akasimama. Nilimwona anaitazama mikono yake. Pale juu ya meza safi, chini ya macho ya wazee, ilikuwa myeusi na imepasuka. Alijaribu tena, akakosea, akakosea tena, karatasi ya kwanza ikaharibika. Mzee mmoja alikohoa kwa ile namna ya kutaka kucheka.

Mama akainuka, akaja mlangoni, akafungua leso mgongoni mwangu. Mtoto akanishukia mikononi. "Shikilia huyu," akaniambia, akarudi mezani, akaweka karatasi ya pili, akajifunga leso shingoni na kuitandaza juu ya mashine.

"Mama, sasa unafunika nini?" mwenyekiti akauliza. "Unatuficha kitu?"

"Naficha mikono, mzee. Nikiiona, siwezi. Soma tu."

Walicheka wote, hata katibu. Lakini akasoma. Mguu wa mama ukaanza kugonga sakafu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na chini ya leso yenye harufu ya mkojo wa mtoto mashine ikaanza kulia. Ililia bila kusita. Katibu aliongeza mwendo makusudi, mama akamfuata. Kicheko kikaisha. Kengele ya mwisho wa mstari ilipolia mara ya mwisho, katibu alichomoa karatasi, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaisoma juu mpaka chini. Kisha akaisoma tena. "Hakuna kosa," akasema, kama mtu aliyeibiwa. Nilijisikia nimerefuka papo hapo.

Mama alifanya kazi ile mpaka macho yalipochoka. Mwalimu naye amekwenda, na gramafoni sijui ilienda kwa nani. Chama kiligawanyika, ofisi ikawa stoo ya magunia. Ule mlio wa mashine, uliokuwa ukinifikia mimi nikiwa bado barabarani nikitoka shule, sijausikia miaka mingi, na nautamani.

Baba alipofariki tulifungua sanduku lake tukitafuta hati ya shamba. Tuliikuta chini ya rundo la barua za chama: mkutano, mbolea, mkutano tena. Alizitunza zote. Barua za ofisi zilikuwa na desturi yake: chini kabisa, baada ya jina la katibu, huwekwa herufi mbili ndogo za jina la aliyepiga taipu. Katika kila barua, baba alikuwa amezizungushia kalamu.

Baba hakujua kusoma. Hizo mbili alikuwa amejifunza.