Msimkate Dijei wa Pili

Juzi pale Chimwaga, chuoni Dodoma, niliwasikia wanafunzi wakibishania miksi ya singeli iliyochezwa na madijei watatu, nikajikuta nimerudi utotoni kijijini kwetu Haneti, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu.

Kibanda kilinuka waya ulioungua na karanga za kukaanga. Vijana walikuwa wakizozana kuhusu miksi kama hiyohiyo. Wengi walisema dijei mmoja angetosha, na huyu wa pili anaongea mno juu ya nyimbo, heri akatwe. Kaka Lazaro, mwenye kibanda, alikuwa tayari ameshika kipanya cha kompyuta.

Ndipo mama akaingia mbio, mikono bado ina unga wa uwele.

"Msimkate huyo wa pili. Nawaombeni, wanangu."

Vijana walicheka. Mimi nilifurahi, nikidhani mama, aliyekuwa akituzimia redio kila siku, naye amekuwa shabiki wa singeli.

"Rudisha pale anapotoa salamu," alimwambia Lazaro.

Ngoma zikakimbia, kisha sauti ya dijei ikapasua spika: salamu kwa Yona wa Haneti, yupo hapa pembeni yangu!

Yona alikuwa kaka yangu. Aliondoka nyumbani bila kuaga, na simu yake haikupatikana tena.

Nikaanza kucheza. Mama aliomba irudishwe tena na tena, sikio limegusa spika. Nilipochoka, mama alikuwa amemng'ang'ania Lazaro mkono.

"Wewe unawajua watu hawa," alisema. "Hapo anaposema 'yupo hapa', ni wapi?"