Difu ya mlima

Leo nimegundua kwamba Qatar haina milima. Nimeishi hapa miaka tisa.

Bosi wangu anafufua gari la zamani la Kimarekani, lenye injini kubwa kama sufuria ya harusi. Akaniachia mimi, dereva wake, nichague giaboksi na difu, ile ya kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma.

"Ukichagua vizuri, Ijumaa unaliendesha wewe mpaka Al Wakrah."

Nikachagua kifua mbele: gia nne za mkono, na difu ya kuvuta, nguvu nyingi mbio kidogo, kama ya lori nililoendesha la viazi kule kwetu Molo, kwenye milima.

Leo tumelijaribu barabara kuu. Kufika themanini tu, gia zimeisha, injini inapiga mayowe. Pikipiki ya kupeleka chakula ikatupita. Jamaa akatupungia mkono!

"Habibi, hii difu ni ya nini?"

"Ya mlima, bosi."

Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Mlima gani?"

Tumezunguka tukiutafuta. Tumepata njia ya kupandia paking ya maduka. Wallahi, limepanda ghorofa nne kama mbuzi!

Bosi amecheka mpaka akafuta machozi. "Sawa, Ijumaa utaliendesha. Humu humu, juu na chini."

Jamani, anayejua hata kichuguu karibu na Doha aniambie kabla ya Ijumaa.